Muuguzi, Kisima na Choo: Sura Moja ya Historia ya Afya Mwambao wa Ziwa Tanganyika

Katika vitabu vya kumbukumbu za sharika, mara nyingi hutajwa wachungaji, wainjilisti, wazee wa kanisa na wafadhili. Wauguzi hutajwa kwa mstari mmoja, mwishoni, pamoja na wapambaji wa madhabahu. Jambo hilo linahitaji kusahihishwa, hasa kwetu sisi wa Gungu na Manispaa yote ya Kigoma Ujiji, ambako ziwa ni kisima chetu, barabara yetu, shamba letu la dagaa na migebuka, na kwa wengine, kwa bahati mbaya, ni choo chao.

Ni vema kuanzia mbali kidogo. Mwaka 1836 mchungaji wa Ujerumani, Theodor Fliedner, alianzisha huko Kaiserswerth nyumba ya mashemasi wa kike waliofundishwa kuhudumia wagonjwa. Mwaka 1851 binti mmoja wa Kiingereza, Florence Nightingale, alikaa huko miezi mitatu akijifunza. Watu wengi humkumbuka kwa taa yake ya usiku katika hospitali ya askari ya Scutari, wakati wa vita vya Krimea. Taa hiyo imezidishiwa sifa. Vifo vya Scutari vilipungua kwa kiasi kikubwa baada ya Tume ya Usafi iliyotumwa kutoka Uingereza mwezi Machi 1855 kuzibua mifereji ya maji machafu iliyopita chini ya jengo na kuingiza hewa safi wodini. Nightingale mwenyewe alipozipitia hesabu za vifo baada ya vita alisadiki kwamba uchafu wa mahali ndio uliokuwa umewaua askari wengi kuliko majeraha yao. Tangu hapo hakuacha kuwaandikia mawaziri na majenerali kuhusu mabomba, madirisha na makaro. Alikuwa muuguzi aliyetambua kwamba kitanda cha mgonjwa kina mizizi nje ya wodi.

Huku kwetu mafundisho hayo yalichelewa. Kwa miaka mingi huduma ya afya ya misheni ilikuwa hospitali: jengo, daktari, dawa na foleni ndefu. Mwaka 1964 Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani na Baraza la Makanisa Ulimwenguni yaliitisha mashauriano katika mji wa Tübingen, Ujerumani, na hapo watu wa misheni wakaulizana kwa uwazi kama hospitali zao zilikuwa zikiponya jamii au zikiwarudisha wagonjwa kwenye maji yaleyale yaliyowaumiza. Mazungumzo hayo yalizaa Tume ya Tiba ya Kikristo mwaka 1968, na mawazo yake yalichangia Azimio la Alma-Ata la mwaka 1978 juu ya huduma ya afya ya msingi.

Lakini Tanzania haikuingoja Alma-Ata. Mwaka 1973 ilifanyika kampeni ya Mtu ni Afya, iliyoendeshwa kwa njia ya redio, vijitabu na vikundi vya kujisomea. Takriban watu milioni 2 walishiriki. Sisi tuliokuwa watoto wakati ule tunakumbuka watu wazima wakikaa kuizunguka redio moja, wakisikiliza habari za malaria, kichocho na kuhara, kisha wakiondoka kwenda kuchimba vyoo, kufyeka majani na kufukia madimbwi. Kwa maoni yangu hilo lilikuwa darasa kubwa kuliko yote ya afya ya mazingira yaliyowahi kufanyika nchini. Ubaya wake ni kwamba kampeni ina mwisho, na choo cha shimo nacho kina mwisho: hujaa, hubomoka kwa mvua za masika, na redio ikiwa imekwisha nyamaza hakuna wa kukumbusha. Anayebaki ni muuguzi wa zahanati, ambaye rejista yake ndiyo huonyesha mapema, kabla ya afisa yeyote kuarifiwa, kwamba watoto wanaoharisha wiki hii wote wanatoka mtaa mmoja.

Hapo ndipo utetezi unapoanzia. Muuguzi anaweza kutoa maji ya chumvi na sukari, akaandika jina na kumwita anayefuata. Au anaweza kuifunga rejista, akaichukua mpaka kwa mwenyekiti wa mtaa na bwana afya, akauliza watu wa mtaa ule wanachota wapi. Hatua ya pili haimo katika mshahara wake, na mara nyingi humletea maneno, kwa sababu kisima kina mwenyewe na choo kinachovuja kina mwenyewe.

Wakimbizi ndio waliotufundisha somo hili kwa ukali zaidi. Julai 1994, watu kati ya nusu milioni na milioni moja walivuka kutoka Rwanda na kuingia Goma. Ardhi ya pale ni mwamba wa volkano. Haikuchimbika vyoo, na maji yalikuwa ya ziwa. Katika mwezi wa kwanza walikufa takriban watu 50,000, wengi wao kwa kipindupindu na magonjwa mengine ya kuhara. Miaka miwili baadaye vita vya Kongo vilileta watu kwetu kwa mitumbwi, na kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa mwaka 1996. Shirika la TCRS, lililoanzishwa mwaka 1964 chini ya Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, ni miongoni mwa yaliyohudumu katika kambi za mkoa huu. Waliotumika kambini walizoea kuhesabu kwa namna mpya: lita 15 za maji kwa mtu kwa siku, na choo kimoja kwa watu 20. Hesabu hizo zinaonekana kavu, lakini muuguzi wa kambini alizisoma kama anavyosoma kipimajoto.

Kisha ikaja Kagunga. Mwezi Aprili 2015, baada ya Rais Pierre Nkurunziza wa Burundi kutangazwa kugombea muhula wa tatu, watu walianza kukimbia, na wengi walishukia Kagunga, kijiji cha mpakani kilichobanwa kati ya ziwa na milima, kisichofikika kwa gari. Kijiji cha watu wapatao 11,000 kilijikuta na wageni waliokadiriwa kufikia 50,000. Walilala ufukweni. Walikunywa maji ya ziwa, waliyaogea, na walijisaidia kandokando yake, kwa kuwa hapakuwa na nafasi wala vyoo. Katikati ya Mei ilithibitishwa kuwa ni kipindupindu. Wagonjwa walifikia maelfu na waliofariki walizidi 30, karibu wote wakimbizi.

Njia ya kutokea ilikuwa ni ziwa lilelile. Meli ya Liemba, iliyozinduliwa hapa Kigoma mwaka 1915 kwa ajili ya vita vya Wajerumani, ikazamishwa na wenyewe mwaka uliofuata na kuinuliwa tena mwaka 1924, ilitumika katika uzee wake kubeba takriban watu 600 kwa safari hadi Kigoma. Walipumzishwa katika Uwanja wa Lake Tanganyika, kisha wakapelekwa Nyarugusu kwa mabasi. Dripu ziliwaokoa waliokwisha kuugua. Kilichovunja mlolongo wa ugonjwa kilikuwa klorini katika maji, vyoo, sabuni, na kuwaondoa watu pale ufukweni; baadaye, kuanzia Juni, ikaongezwa chanjo ya kunywa kule Nyarugusu. Kila kimoja kati ya hivyo hudaiwa na mtu fulani mezani kwa mtu mwingine, na anayedai kwa nguvu ni yule aliyetoka wodini asubuhi hiyo.

Utetezi huo huanzia nyumbani kwa muuguzi mwenyewe, maana zahanati nayo huchafua. Sindano zilizotumika, bandeji zenye damu na kondo za uzazi zinahitaji shimo lililojengewa na kichomea taka kinachofikia joto la kutosha. Plastiki iliyochomwa kwenye pipa uani hutoa moshi wenye sumu juu ya wodi ya wazazi. Wauguzi wa Marekani walilisimamia jambo hili katika miaka ya 1990, pamoja na kuondolewa kwa vipimajoto vya zebaki. Mwaka 2013 ulipitishwa Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki, na Tanzania imekwisha kuuridhia.

Katika miaka ya karibuni, kati ya 2020 na 2024, ziwa lilipanda na kuingia katika makazi na mialo ya mwambao wetu. Nyumba zilizozingirwa na maji zilionekana na kupigwa picha. Vyoo vya shimo vilivyokuwa nyuma ya nyumba hizo havikupigwa picha, ingawa ndivyo hutangulia kujaa, na vilivyomo ndani yake huchanganyika na maji ambayo jirani anachota kwa ndoo hatua ishirini kutoka pale.