Tukachoka, Ukaondoka: Viunganishi na Insha ya Kiingereza Chini ya Milima ya Uluguru

Kila aliyepitia sekondari nchini kwetu analikumbuka swali hili la mtihani wa Kiingereza: umepewa sentensi mbili fupi, nawe unaamriwa uziunganishe ziwe moja, uanze na neno "although", au utumie "because", au "so that". Mazoezi ya aina hii yana umri mkubwa kuliko Baraza la Mitihani la Tanzania, lililoundwa mwaka 1973. Mkoloni ameondoka, mitihani ya Cambridge imeondoka, zoezi limebaki. Katika karatasi iyo hiyo, kurasa chache mbele, mtahini huomba insha. Mwanafunzi aliyepata alama zote katika kuunganisha sentensi huandika insha isiyo na kiunganishi hata kimoja ila "and then". Nimeshuhudia jambo hili miaka yote ya ualimu wangu, na sikubaliani na wale wanaolieleza kwa neno "uvivu".

Mji wetu wa Morogoro haukukosa shule. Masista wa Maryknoll walianzisha chuo cha wasichana cha Marian katika miaka ya 1950, ambacho leo ndicho Sekondari ya Kilakala. Iko Mzumbe, na Kigurunyembe kuna chuo cha ualimu, mlima ukikitazama kutoka juu. Watoto walioshuka kutoka Mgeta, Matombo na Mkuyuni walifika katika shule za mji huu wakiwa na Kiluguru cha nyumbani na Kiswahili cha darasani. Kiingereza kilikuwa cha tatu, na ndicho walichotakiwa kukitumia kufikiri.

Wasomaji wengi wa hapa wanaijua historia ya jambo hili, kwa hiyo nitaipitia kwa haraka. Tangu mwaka 1967 Kiswahili kilikuwa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi za serikali, na Kiingereza kikawa somo tu hadi Darasa la Saba. Kidato cha Kwanza mambo hugeuka kwa siku moja. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, chini ya uenyekiti wa Jackson Makwetta, ilipendekeza Kiswahili kiingie sekondari kuanzia mwaka 1985, serikali haikukubali. Badala yake ukaja, mwaka 1987, mradi wa fedha za Uingereza wa kusaidia ufundishaji wa Kiingereza, ulioleta shuleni vitabu vidogo vya hadithi vilivyopangwa kwa ngazi za ugumu. Vitabu vile, kwa maoni yangu, vilifanya kazi kubwa kuliko kurasa mia za mazoezi, kwa kuwa mtoto aliona humo kiunganishi kikifanya kazi ndani ya kisa, hakikutundikwa peke yake ubaoni.

Lakini mzizi wa jambo ni wa zamani kuliko sera yoyote. Umo katika Kiswahili chenyewe.

Edward Steere, mmisionari wa Unguja, alipochapisha kitabu chake cha mwongozo wa Kiswahili mwaka 1870, alikwisha kuona kwamba kitenzi chenye -ka- hubeba ndani yake maana ya "na". E. O. Ashton naye akaieleza -ka- kwa kirefu katika sarufi yake ya mwaka 1944. Sisi wenyeji hatukuhitaji kuambiwa. Tukisema "alikwenda sokoni, akanunua ndizi, akarudi", hakuna kiunganishi kinachoonekana, wala hakuna kinachokosekana. Kiungo kimo tumboni mwa kitenzi. Ndivyo ilivyo pia kwa "akija", ambamo sharti limekaa ndani ya silabi moja. Kwa "alipofika", ambamo wakati umepachikwa. Kwa "angejua" na "ujapofika". Kazi ambayo Kiingereza huipa neno linalojitegemea, Kiswahili aghalabu huipa kiungo cha ndani ya kitenzi.

Je, hatuna viunganishi vya nje? Tunavyo, na vingi ni wageni. Lakini, au, ama, wala, bali, ila, lau, hata, kama: vyote hivi vilikuja na Kiarabu. Watu wa pwani waliviazima, navyo vikazoea nyumba hata hakuna tena anayevidai kurudi kwao. Sioni aibu katika hilo. Lugha huazima viunganishi inapoanza kuandika barua, mikataba na hoja, kwa kuwa hapo msemaji hayupo mbele ya msikilizaji kumsaidia kwa sauti na uso.

Sasa tuje kwenye kosa mashuhuri kuliko yote, lile ambalo tulifundishwa vyuoni kulipiga mstari mwekundu bila maelezo: "Although he was sick, but he came." Walimu hucheka. Nao wamesahau kwamba nyumbani wanasema, tena kwa ufasaha, "ingawa alikuwa mgonjwa, lakini alikuja". Wapo watunzi wa sarufi wanaoikataa hata hiyo ya Kiswahili, kwa kuiona imerudia jambo moja mara mbili. Mimi naitetea. Lichunguze neno "ingawa": ni kitenzi kilichoganda, i-nga-wa, na wazee walikinyambua kama vitenzi vingine, wakasema "angawa mgonjwa", "tungawa maskini". Maana yake ni karibu na "na iwe hivyo". Ukishakubali kwamba na iwe hivyo, ni halali useme "lakini". Mwanafunzi aliyeandika "although" kisha "but" ameuhamisha mjengo mzima wa lugha yake, msingi na paa, akausimamisha katika kiwanja kisichoupokea. Wachina wanaojifunza Kiingereza hufanya vivyo hivyo, kwa kuwa lugha yao nayo hutumia viungo viwili mahali hapo. Hilo si kosa la mantiki. Mtoto akielezwa hivi hulirekebisha haraka. Akichekwa, hukimbilia "and then", ambayo haijapata kumkosesha mtu alama.

Nilikuwa na desturi ya kutoa insha moja kila mwaka kwa Kidato cha Tatu, nayo ilihusu matuta. Kwa wasioijua habari hiyo: katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliendesha Uluguru mpango wa matumizi bora ya ardhi, ambao uliwalazimisha wakulima kuchimba matuta ya ngazi mlimani ili kuzuia mmomonyoko. Kazi ilikuwa nzito. Mahali pengi udongo wa juu ni mwembamba, na jembe lilileta juu udongo wa chini usio na rutuba. Wapo pia walioshuku kwamba mashamba yanatengenezwa ili Wazungu wayachukue. Mwaka 1955 ghasia zikazuka Matombo, na mpango ukaachwa. Roland Young na Henry Fosbrooke waliandika kitabu juu ya ardhi na siasa za Waluguru, kikatoka mwaka 1960, na habari za matuta zimo. Habari hizo zilikuwamo pia katika vinywa vya mabibi na mababu wa wanafunzi wangu, nami niliwatuma huko likizoni wakaulize.

Walirudi na visa vizuri. Wakisimulia kwa Kiswahili, vilitiririka: walichimba, wakachoka, wakakataa. Wakiandika kwa Kiingereza, vilikatika vipande: wachimbaji wakachimba, "and then" wakachoka, "and then" wakakataa. Kwa muda nilidhani, kama walimu wengi wanavyodhani, kwamba dawa ni mazoezi zaidi ya viunganishi. Mpaka nilipotunga mstari mmoja wa mizani kumi na sita, nikauandika ubaoni:

Tulichimba tukachoka, udongo ukaondoka.

Nikawaomba wautafsiri kwa sentensi moja ya Kiingereza. Ubishi uliozuka darasani sikuutarajia. Maana mstari huu, kwa Kiswahili, umenyamaza pale hasa palipo na ugomvi. Je, udongo uliondoka kwa sababu tulichimba? Au uliondoka ingawa tulichimba? Bwana shamba wa enzi ile angeandika "although": watu walijitahidi, mvua ikawashinda, basi na wachimbe zaidi. Mzee wa Matombo angeandika "because": jembe lenu ndilo lililoulegeza mlima. Kiungo -ka- hakichagui upande. Huweka tukio baada ya tukio na kumwachia msikilizaji, ambaye kijijini anamjua msemaji, anaujua mlima, na hahitaji kuambiwa nani ni mkosaji. Msomaji wa Kiingereza aliye mbali hana msaada huo. Mwandishi hana budi kumchagulia, na kuchagua "because" badala ya "although" ni kutoa hukumu juu ya jambo lililowahi kuzusha ghasia.

Tangu hapo sikulifundisha somo la viunganishi kama somo la sarufi. Nililifundisha kama somo la historia. Mwanafunzi aliandika sentensi yake, akasimama, akaulizwa na wenzake: nani kakwambia kwamba ni "because"? Bibi yako, au kitabu? Naye ilimbidi ajibu. Wapo walioandika toleo la bwana shamba na toleo la bibi, moja chini ya jingine, tofauti ikiwa ni neno moja tu. Hapo nilianza kusoma insha zenye damu. Somo tuliloliita katika ratiba "utunzi" lilikuwa limekaa pembeni kwa miaka, likingoja sarufi imalizike kwanza. Sarufi haimaliziki.

Watunzi wa mashairi wanaosoma hapa watakuwa wamekwisha kuona kwamba mstari ule ulifanya hivyo kwa sababu ni ushairi. Kati ya ukwapi na utao kuna kituo kidogo, na kituo hicho ni kiunganishi kisicho na sauti. Mshairi mzuri hukitumia hivyo. Mshairi mchovu hujaza "na", "pia" na "tena" ili mizani itimie. Mwaka 1954 ulitupa vitabu viwili vya ufundi: Kielezo cha Insha cha Shaaban Robert, na Sheria za Kutunga Mashairi cha Kaluta Amri Abedi. Kimoja ni cha nathari, kingine cha ushairi, navyo vilitoka mwaka mmoja, mwaka ule ule TANU ilipozaliwa, mlima wa Uluguru ukiwa bado unachimbwa. Shuleni tulivitenga: insha ikawa jambo la mitihani, shairi likawa jambo la sherehe na wageni. Laiti tungevisoma pamoja mezani pamoja na daftari la Kiingereza, tungeona kwamba swali ni moja katika lugha zote mbili: kati ya jambo hili na lile, uweke neno au unyamaze?

Wengi katika darasa langu la mwisho walichagua "because". Wachache walichagua "although", na mmoja akaitetea kwa nguvu, kwa kuwa babu yake alikuwa miongoni mwa waliochimba kwa hiari na hakupenda kuitwa mjinga. Msichana mmoja kutoka upande wa Mgeta hakuchagua. Aliandika sentensi mbili fupi, nukta katikati, akaniambia kwamba bibi yake aliposimulia alinyamaza hapo, naye hakuona neno la Kiingereza linalotosha. Mwongozo wa usahihishaji ungempa sifuri, kwa kuwa aliagizwa kuunganisha. Nilimpa alama zote, nikamwomba aendelee na aya inayofuata.