Mzee wa Mamba na Orodha ya Marejeleo

Mwanafunzi wa uzamili anayekwenda Mamba, Mpimbwe, mkoani Katavi, kutafuta historia ya Wapimbwe, sehemu kubwa ya maktaba yake ni wazee. Swali huzuka siku ya kuandika tasnifu: maneno ya mzee yanarejelewaje?

Kanuni tunazozifuata zilizaliwa mbali na baraza la mzee huyo. Mwaka 1881 Edward Laurence Mark, mwanazuolojia wa Harvard, alitaja kazi za wenzake kwa jina na mwaka ndani ya mabano. Matbaa ya Chuo Kikuu cha Chicago ilichapa mwongozo wake mwaka 1906. Chama cha wanasaikolojia wa Marekani, APA, kilianza kutoa mwongozo wake mwaka 1929 kwa kurasa saba tu. Mwaka 1937 Kate Turabian, aliyekagua tasnifu za Chuo Kikuu cha Chicago, aliwaandalia wanafunzi mwongozo wao. Zaidi ya yote, miongozo hiyo iliwaza maandishi: mwandishi, mwaka, anwani, mchapishaji.

Hata hivyo, kumtaja msemaji ni desturi kongwe. Wanazuoni wa hadithi za Mtume walidai isnadi: fulani kapokea kwa fulani, naye kwa fulani. Mwaka 1961 Jan Vansina, Mbelgiji aliyefanya utafiti kwa Wakuba wa Kongo, alitoa kitabu kilichodai jambo linalokaribiana na hilo: simulizi lipimwe kwa kufuata mnyororo wa waliolipokezana. Mwaka huohuo chuo kikuu kilifunguliwa Dar es Salaam, na wanahistoria wake wakayapa masimulizi uzito. Isaria Kimambo aliyatumia kuandika historia ya Wapare, iliyochapishwa mwaka 1969. Mwaka mmoja kabla, katika kitabu kilichohaririwa na Andrew Roberts, Roy Willis aliandika sura kuhusu Wafipa, majirani wa Wapimbwe.

Wataalamu wa Kiswahili nao wakaunda msamiati: tanbihi, marejeleo, “na wenzake”, “wah.” kwa wahariri. Maneno ni yetu. Kalibu imebaki ileile. Katika mtindo wa APA, mazungumzo ya ana kwa ana hutajwa ndani ya matini tu. Orodha ya marejeleo haiyapokei, kwa kuwa msomaji hawezi kuyafikia. Hoja hiyo ina mantiki, lakini matokeo yake ni haya: kitabu cha mgeni aliyesimuliwa kinaingia kwenye orodha, mzee aliyemsimulia anabaki nje.

Tiba haihitaji mtindo mpya. Kila tasnifu ya historia iwe na kiambatisho cha wasimulizi: jina, au namba ya siri kwa asiyeridhia kutajwa, kijiji, tarehe, lugha iliyotumika, Kipimbwe au Kiswahili, na aliyempokeza habari. Wanaporidhia, sauti zao zihifadhiwe chuoni, na nakala irudi Mamba. Hapo msomaji atakuwa na pa kuzifuata, na hoja ya kuwaacha wazee nje ya orodha itakuwa imekwisha.