Draiva si dereva

Maneno yote mawili yametoka kwa Waingereza, na kwao ni neno moja. Sisi tumeyatenganisha: dereva amelala, draiva imegoma. Mwenye leseni yuko ngeli ya watu. Programu inayoiwezesha kompyuta kuelewana na kadi ya picha imebaki na vitu. Wapenda Kiswahili sanifu husema kiendeshi, lakini mafundi wengi hawalitumii, nami siwalaumu.

Kwenye Linux neno hili hutajwa zaidi skrini inapobaki nyeusi. Kompyuta yenye kadi ya NVIDIA mara nyingi huanza na Nouveau, draiva huria yenye jina la Kifaransa (maana yake “mpya”), na baadhi ya kadi hazipatani nayo. Likikukuta hilo, fungua menyu ya GRUB (ile ya kuwashia mfumo), bonyeza herufi e, ongeza nomodeset mwishoni mwa mstari unaoanza na linux, kisha bonyeza Ctrl+X. Picha itakuwa duni, ila kwa kawaida utaingia. Amri ya lspci -k itakuonyesha draiva inayotumika. Kama unatumia Ubuntu, chukua draiva ya NVIDIA kutoka ghala lake lenyewe, usiiokote ovyo mtandaoni.