Udhamini wa timu za mbio ndefu za kupokezana

Udhamini wa timu za mbio ndefu za kupokezana ni makubaliano ambayo kampuni, duka, taasisi au mtu binafsi anaipa timu ya wakimbiaji wa ridhaa fedha, vifaa au huduma ili iweze kushiriki mashindano, naye kwa upande wake anatangazwa kwa jina au nembo. Wakimbiaji wa ridhaa ni wale ambao hawaishi kwa kukimbia: wana kazi, masomo au biashara zao na hawalipwi mshahara na klabu.

Katika lugha ya michezo, mdhamini hutofautishwa na mfadhili. Mdhamini hutarajia kupata kitu, hasa matangazo. Mfadhili hutoa kwa hiari bila kudai malipo. Timu nyingi huwa na wote wawili.

Mbio zenyewe

Katika mbio hizi njia hugawanywa vipande, na kila mkimbiaji anapomaliza kipande chake humkabidhi mwenzake kijiti, ukanda au bangili. Ni tofauti na mbio za kupokezana vijiti za uwanjani, kama zile za mita 4 x 100, kwa kuwa zinafanyika barabarani na zinaweza kudumu saa nyingi, mchana na usiku.

Mfano unaojulikana ni Hood to Coast katika jimbo la Oregon, Marekani. Zilianza mwaka 1982 zikiwa na timu 8, na baadaye zimekuwa na timu zaidi ya 1,000. Zinaanzia Timberline Lodge kwenye mlima Hood na kuishia mji wa Seaside kando ya bahari ya Pasifiki, umbali wa takriban km 320. Timu kamili ina watu 12, njia ina vipande 36, hivyo kila mmoja hukimbia mara tatu. Timu hutumia magari mawili: wakati wakimbiaji 6 wa gari la kwanza wanapokezana, wenzao wa gari la pili hupumzika.

Nchini Japani mbio za aina hii huitwa ekiden. Ya kwanza ilikimbiwa mwaka 1917 kutoka Kyoto hadi Tokyo, umbali wa km 508, ikiandaliwa na gazeti la Yomiuri. Hakone Ekiden ya vyuo vikuu ilianza mwaka 1920. Hufanyika tarehe 2 na 3 Januari, na kila timu ina wakimbiaji 10.

Historia ya ridhaa na fedha

Kwa muda mrefu sheria za riadha zilikataza mwanariadha kupokea fedha kwa ajili ya mchezo. Mkimbiaji Paavo Nurmi wa Ufini, mshindi wa medali 9 za dhahabu za Olimpiki, alizuiwa kushiriki michezo ya Los Angeles mwaka 1932 kwa kudaiwa kupokea fedha. Mwaka 1982 shirikisho la kimataifa la riadha liliruhusu mapato ya wanariadha kuwekwa katika mfuko maalumu, na mwaka 2001 neno "ridhaa" liliondolewa katika jina lake. Tangu hapo ridhaa ni hali ya mkimbiaji zaidi kuliko katazo la kisheria, ingawa mashindano ya shule na vyuo yanaweza kuwa na masharti yake.

Gharama

Mkimbiaji wa marathoni anahitaji ada ya kujiandikisha, viatu na nauli. Timu ya kupokezana ina gharama zaidi:

- ada ya timu nzima, ambayo mara nyingi hulipwa miezi mingi kabla ya mbio;
- kukodi magari na kununua mafuta;
- chakula, maji na malazi;
- jezi za timu;
- vizibao vya kuakisi mwanga na tochi za kichwani kwa kukimbia usiku;
- bima na vifaa vya huduma ya kwanza.

Fedha zikipungua, kinachokatwa kwanza mara nyingi ni usafiri. Hapo ndipo hatari inapoingia: mkimbiaji ambaye hajalala usiku kucha huishia kushika usukani. Kwa sababu hiyo inashauriwa dereva asiyekimbia awekwe katika bajeti tangu mwanzo, na asihesabiwe kuwa anasa.

Vyanzo vya udhamini

Timu ya ridhaa haina washindi wa dunia wala kamera za televisheni. Kampuni kubwa hupokea maombi mengi, na timu isiyojulikana hukosa nafasi kwa urahisi. Kinachofaa zaidi ni kuanza na walio karibu:

- waajiri wa wakimbiaji wenyewe;
- maduka ya viatu na vifaa vya michezo;
- hoteli, mikahawa na karakana za magari za mtaani;
- zahanati na wataalamu wa tiba ya viungo;
- ndugu, majirani na wanachama wa klabu, kwa njia ya harambee.

Udhamini wa vitu mara nyingi ni rahisi kupata kuliko fedha taslimu. Mwenye mgahawa anaweza kushindwa kutoa fedha lakini akatoa chakula cha watu 12. Mwenye magari anaweza kuazimisha moja kwa siku mbili.

Ombi la udhamini

Barua nzuri ya ombi huwa fupi, ya ukurasa mmoja au miwili. Hueleza timu ni nani, inakimbia wapi na lini, bajeti ni kiasi gani, wanachama wenyewe wamechanga kiasi gani, na nini kimebaki. Mchango wa wanachama ni muhimu kwa sababu mdhamini hupenda kuona kwamba wenye shughuli wameanza wenyewe.

Baadhi ya timu hupanga udhamini kwa ngazi: anayetoa kiasi kikubwa nembo yake huwekwa kifuani mwa jezi, wa kati mgongoni, na wa kiasi kidogo kwenye gari. Ahadi ziwe zile zinazotekelezeka. Timu inaweza kuahidi nembo, picha na taarifa baada ya mbio. Haiwezi kuahidi ushindi wala kutajwa kwenye habari.

Mkataba na uwajibikaji

Hata kwa kiasi kidogo, makubaliano ya maandishi huzuia ugomvi. Yataje kiasi, tarehe ya kulipa, matangazo yatakayofanywa, na nini kitatokea mbio zikiahirishwa. Timu isome pia kanuni za waandaaji, kwani mbio zenye mdhamini wake mkuu zinaweza kuzuia matangazo ya washindani wake.

Timu inayochangisha kwa ajili ya hisani inapaswa kutenganisha fedha za hisani na za safari. Mtu aliyechangia wagonjwa asije akagundua kwamba mchango wake ulinunua mafuta ya gari. Mweka hazina, daftari na risiti hulinda jina la timu.

Hatari ya kutegemea mdhamini mmoja

Nchini Japani kampuni nyingi zina timu zao za ekiden, na wakimbiaji huvaa jina la kampuni. Mfumo huu umewasaidia pia Wakenya. Douglas Wakiihuri alikwenda huko mwaka 1983, akakimbilia timu ya S&B Foods na kuwa bingwa wa dunia wa marathoni mwaka 1987. Samuel Wanjiru alisoma shule ya sekondari mjini Sendai, akakimbilia Toyota Kyushu, kisha akashinda dhahabu ya marathoni ya Olimpiki mjini Beijing mwaka 2008. Lakini mwaka 2013 S&B Foods iliacha kuendesha timu yake, na wakimbiaji wakahamia kampuni ya DeNA. Ikiwa hata timu yenye sifa hiyo inaweza kuachwa, timu ndogo ina sababu zaidi ya kutafuta wadhamini kadhaa.

Afrika Mashariki

Nchini Kenya timu kubwa za riadha zinahusishwa na taasisi kama jeshi, polisi na magereza. Udhamini wa kampuni umeelekezwa zaidi kwa mbio zenyewe. Mfano ni Lewa Safari Marathon, zilizoanza mwaka 2000 kuchangia uhifadhi na kudhaminiwa na Safaricom. Vikundi vya jogging vya mijini, vikiwemo vya Dar es Salaam, hutegemea zaidi michango ya wanachama. Huduma za fedha kwa simu, kama M-Pesa iliyoanza Kenya mwaka 2007, zimerahisisha kukusanya michango midogo kutoka kwa watu wengi na kuweka kumbukumbu yake.

Tazama pia

- Riadha
- Marathoni
- Ekiden
- Harambee