AMH Yako Imerudi Chini? Pumua Kwanza, Cheki Hii Rada

Umetoka labu na karatasi imeandikwa AMH 0.6. Ukaingia Google ukiwa kwa mat, na ukishuka stage machozi ishaanza. Kabla uambie mtu wako hamtawahi pata mtoi, soma hii hadi mwisho.

AMH ni homoni inayotoka kwa vile vifuko vidogo vinavyolea mayai ndani ya ovari. Ikiwa juu, mayai ni mengi kwa stoo. Ikiwa chini, stoo inaelekea kuisha. Ni hivyo tu! Haikuambii kama yai lenyewe ni poa, hiyo inaamuliwa sana na umri. Yai moja la dem wa miaka 29 lina nafasi kubwa ya kuwa mtoto kuliko yai moja la mama wa 42, hata kama AMH ya huyo wa 42 ndiyo iko juu.

Tena 2017 watafiti wa Marekani walifuatilia wanawake karibu 750, wa miaka 30 hadi 44, waliokuwa wanajaribu kushika mimba bila matibabu. Wenye AMH ya chini hawakuachwa nyuma na wenzao.

Kwa IVF mambo hubadilika kiasi. Daktari anatumia hiyo namba kupanga dozi ya sindano na kukisia atavuna mayai mangapi. Mayai yakiwa machache, chansi za kupata kiinitete kizuri kwa raundi moja zinapungua, na raundi moja ni laki kadhaa, si doo ya kuokota. Na usidhani ikiwa juu sana ndio umeomoka. Wenye PCOS mara nyingi wako hapo, na ovari zao zinaweza kuvimba vibaya zikidungwa dawa nyingi.

Sasa kitu inachanganya wasee wengi: vipimo. Labu zingine zinaandika ng/mL, zingine pmol/L. Moja ya ng/mL ni kama 7 za pmol/L. So usilinganishe karatasi yako na ya beshte yako kabla hamjacheki hiyo sehemu. Vidonge vya kupanga uzazi pia vinaweza kushusha AMH, mwambie daktari kama unavitumia.

FSH nayo hupimwa siku ya 2 ama 3 ya hedhi, pamoja na estrojeni. Ikipita 10 hivi, ubongo unapigia ovari kelele na ovari zinaitika polepole. Lakini estrojeni ikiwa juu siku hiyo, inaweza kuficha FSH mbaya. Ukipimwa moja bila ingine, uliza mbona.

Na wewe buda unasoma ukifikiri hii ni stori ya mamanzi: zile sindano za testosteroni za jimu zinaambia mwili uache kutengeneza mbegu. Kifua kinajaa, mbegu zinaisha. Nenda upimwe pia.

Kama uko chini ya 35, jaribuni mwaka mmoja kabla ya kuona daktari wa uzazi. Ukipita 35, miezi sita inatosha. Na ukiambiwa "mayai yako ni machache", kumbuka Louise Brown, mtoto wa kwanza wa IVF duniani, aliyezaliwa Uingereza Julai 25, 1978. Mamake hakudungwa dawa za kuongeza mayai. Walitoa yai moja tu.