Tangazo la Inchi Moja

Desemba 1977, gazeti la Los Angeles Times lilichapisha tangazo lenye kimo cha inchi moja tu: video zinakodishwa. Lilikuwa na kuponi ya kukata na kutuma kwa anayetaka maelezo. Aliyelilipia ni George Atkinson, ambaye hadi wakati huo alikuwa akikodisha projekta na filamu za Super 8 kwa watu wenye sherehe majumbani. Katika muda wa wiki moja hivi, kuponi zipatazo 1,000 zilikuwa zimemfikia.

Habari za biashara ya kukodisha filamu husimuliwa mara nyingi kama habari za mashine na makampuni makubwa. Mimi naona moyo wake uko kwenye kuponi zile. Mtu mwenye mtaji mdogo aliuliza kwanza kama wateja wapo, kisha wateja haohao wakamsaidia kununua mali.

Duka lake lilikuwa Mtaa wa Wilshire mjini Los Angeles, chumba cha futi za mraba 600, yaani kama mita za mraba 56. Rafuni palikuwa na filamu 50, kila moja nakala mbili, ya Betamax na ya VHS. Zilihitajika mbili kwa sababu Betamax ya Sony, iliyotoka mwaka 1975, na VHS ya JVC, iliyoingia Marekani mwaka 1977, hazikuingiliana: kanda ya huku haikucheza kwenye mashine ya kule.

Filamu zenyewe zilitokana na ujasiri wa mtu mwingine. Andre Blay, mwenye kampuni ya Magnetic Video katika jimbo la Michigan, alikuwa ameishawishi studio ya 20th Century Fox impe haki ya kuuza filamu zake 50 kwenye kanda. Miongoni mwazo zilikuwamo The Sound of Music, Patton na MASH. Blay alikusudia kuuza, si kukodisha. Alitangaza katika jarida la TV Guide klabu ya wanunuzi yenye kiingilio cha dola 10, na watu wapatao 13,000 wakajiunga. Lakini kanda moja iliuzwa karibu dola 50, na wengi hutaka kuitazama filamu mara moja tu.

Hapo ndipo Atkinson alipoiona nafasi yake. Aliweka ada ya uanachama, dola 50 kwa mwaka au dola 100 kwa maisha yote. Mwanachama alikodi kanda kwa dola 10 kwa siku. Tupige hesabu. Kanda 100 kwa bei ya dola 50 ni dola 5,000, na ada za wanachama 100 wa mwaka ni dola 5,000 vilevile. Kanda ikikodiwa mara tano imerudisha gharama yake, na safari ya sita ni faida, mradi haijakatika wala haijapotea. Ada ilifanya kazi mbili. Ilileta fedha kabla ya biashara kuzunguka, na ilimfunga mteja kwenye duka lile kwa mwaka mzima.

Je, alikuwa na ruhusa ya kukodisha? Jibu lilitoka kwenye kesi ya mwaka 1908 kuhusu kitabu cha riwaya. Wachapishaji Bobbs-Merrill walikuwa wamechapa ndani ya kitabu chao onyo kwamba asiuze mtu chini ya dola moja. Duka la Macy's likakiuza kwa senti 89. Mahakama Kuu ya Marekani ikaamua kwamba mchapishaji akishaiuza nakala, hana tena mamlaka juu ya bei itakayouzwa baadaye. Kanuni hiyo ikaingia katika sheria za hakimiliki za nchi hiyo, ikiwemo ile ya mwaka 1976. Kwa hiyo aliyenunua kanda halali angeweza kuiuza tena, kuiazimisha au kuikodisha. Alichokatazwa ni kuinakili. Studio zilinung'unika, lakini kwa msingi huo maelfu ya maduka ya kifamilia yalifunguliwa, na duka la Atkinson, lililopewa jina la Video Station, likawa mtandao wa maduka zaidi ya 500 yaliyoendeshwa na wenyeji kwa jina hilo.

Hata hivyo Atkinson hakuwa wa kwanza duniani. Mwaka 1975, katika mji wa Kassel nchini Ujerumani, Eckhard Baum alikuwa amefungua duka lake, Film-Shop. Alianza kwa kukodisha filamu za Super 8 alizokuwa amezikusanya mwenyewe kwa mapenzi yake, na kanda za video zikafuata. Mtaji wake ulikuwa tayari kabatini.

Huku kwetu mambo yalikwenda kwa njia yake. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970, lakini Tanzania Bara ilisubiri hadi mwaka 1994 kuona vituo vyake vya kwanza. Mwenye deki kabla ya hapo alitegemea kanda, na maktaba za video za mijini ndizo zilizompa filamu za Kihindi, za kareti na za Marekani. Asiye na deki alilipa kiingilio kwenye kibanda cha video. Wakatokea wafasiri kama Lufufu, waliosimulia filamu ya kigeni kwa Kiswahili juu ya sauti yake, na kanda ya namna hiyo ikawa na wapenzi wake. Tangu miaka ya mwanzo ya 2000, filamu za Kitanzania nazo zikajaza rafu, kwanza kwenye VHS, kisha VCD na DVD.

Nakala nyingi katika maktaba hizo hazikuwa halali, na hilo lazima lisemwe wazi kwa ajili ya anayetaka kuanza biashara hii leo. Kinga aliyokuwa nayo Atkinson haipo hapa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999, na Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, zinauhesabu ukodishaji wa filamu miongoni mwa haki za mwenye kazi. Kununua nakala halali hakutoshi. Ruhusa ya kukodisha huombwa kwa mwenye kazi. Na kumjazia mteja flashi muvi ambazo mwenye duka hajapewa ruhusa nazo ni kumnyang'anya mtengenezaji filamu jasho lake, awe wa Hollywood au wa Sinza, Dar es Salaam.

Marekani nako wenye maduka madogo walipata dhoruba. Mwaka 1985 David Cook alifungua Blockbuster ya kwanza mjini Dallas, ikiwa na kanda zipatazo 8,000 na kompyuta ya kufuatilia kila moja. Mwenye rafu ya kanda 100 angeshindana vipi na hilo? Kufikia mwaka 2004 Blockbuster ilikuwa na maduka zaidi ya 9,000. Lakini Netflix, iliyoanza mwaka 1998 kwa kukodisha DVD kwa njia ya posta ikiwa na filamu 925, ilimwondolea mteja safari ya dukani, kisha ikaanza kuonyesha filamu kwenye intaneti. Septemba 2010 Blockbuster iliomba ulinzi wa sheria ya kufilisika. Septemba 2023 Netflix yenyewe ikatuma DVD yake ya mwisho.

Ungedhani hapo ndipo mwisho. Lakini mjini Seattle lipo duka liitwalo Scarecrow Video, lililofunguliwa mwaka 1988 na mpenda filamu aliyeanzia kwenye mkusanyiko wake binafsi, kama Baum. Biashara ilipozorota, mwaka 2014 liligeuzwa kuwa taasisi isiyo ya faida kwa michango ya watu waliolipenda. Leo lina filamu zaidi ya 140,000, nyingi zikiwa hazipatikani kwa urahisi kwenye intaneti. Film-Shop ya Kassel nayo haikufa mwenyewe alipozeeka. Mwaka 2017 chama cha wapenda filamu wa mji huo kilichukua uendeshaji wake.

Mtandao wa maduka zaidi ya 9,000 ulianguka, na maduka haya mawili yakabaki. Ninayeandika haya nimelitafakari hilo kwa muda mrefu. Blockbuster ilipofunga milango, mteja wake alikwenda kukodi kwingine. Scarecrow ilipoyumba, wateja walitoa fedha mfukoni isifungwe, kama wale wa Los Angeles walivyotoa dola 50 kabla rafu ya Atkinson haijajaa. Kwa hiyo kijana wa Mbeya au wa Kisumu anayetaka kukodisha filamu kwa mtaji mdogo, asianze kwa kununua shehena. Azungumze na watengenezaji filamu wa nchi yake wampe ruhusa ya maandishi, atafute filamu za zamani ambazo watu wanazililia na hawazipati, halafu abandike tangazo dogo mtaani na kuhesabu wangapi watakuja kuuliza.