Jicho la paka wako limekuwa red na limefura? Cheki hii kabla hujaweka dawa

Kama uko na paka Mwingi, Mutomo, Wote ama Kibwezi, kuna siku utaamka upate jicho lake ni jekundu, limefura na linatoa machozi. Usipaniki, lakini usichukulie poa pia. Jicho linaweza kuharibika ndani ya siku moja ama mbili.

Swali la kwanza: ni jicho moja ama yote mawili?

Yote mawili, na anapiga chafya
Hapo mara nyingi ni virusi vya hepesi ya paka ama bakteria wa klamidia. Klamidia hupenda kuanza na jicho moja, halafu siku chache baadaye inaingia la pili. Hepesi nayo haitoki mwilini. Inalala tu, paka akipata stresi inaamka tena. Zote zinaambukiza paka wengine, kwa hivyo mgonjwa akae pekee yake na sahani yake. Ukimshika, nawa mikono.

Jicho moja, ghafla
Inaweza kuwa amepigana ama ameingiwa na mwiba. Lakini Ukambani kuna noma mbili zaidi. Kuna swila anayetema mate, na unajua paka hawezi kuona nyoka akanyamaza. Pia kuna mnyaa, ule mti wa kijani wa fensi ambao Wakamba huita ndau. Utomvu wake mweupe unachoma jicho vibaya, hata lako. Kwa hizi mbili, mfunge paka na taulo asikukwaruze, kisha osha jicho saa hiyo hiyo na maji safi mengi, dakika 15 hivi. Halafu daktari.

Watoto wa paka
Macho yao hufunguka kati ya siku ya 7 na 14. Kama bado yamefungwa na yamefura, kuna usaha ndani. Hiyo haingoji.

Usijaribu hizi
Ile dawa ya macho ya matone iliyobaki kwa nyumba, wachana nayo. Ukiona "dexamethasone" ama "betamethasone" kwa chupa, hiyo ni steroidi. Kama kioo cha mbele cha jicho kiko na kidonda, steroidi inazuia kupona na jicho linaweza kutoboka. Daktari huweka kwanza rangi ya fluoresini; kidonda kikiwepo kinang'aa kijani. Wewe kwa macho tu huwezi kukiona. Na paracetamol usimpe kabisa: kidonge kimoja kinaweza kumuua paka.

Unachoweza kufanya nyumbani
Chemsha maji, yaache yapoe, lowesha pamba safi upanguse usaha. Kila jicho na pamba yake.

Enda leo, si kesho, ukiona
- jicho haliwezi kufunguka
- kioo kimekuwa cheupe ama bluu
- mboni moja ni kubwa kuliko nyingine
- kuna damu

Muuzaji wa agroveti si lazima awe daktari. Uliza kama kuna mtu hapo amesajiliwa na Kenya Veterinary Board, ama pitia ofisi ya mifugo ya kaunti yako ndogo. Ukifika, ulizia pia chanjo ya hepesi. Haizuii kila kitu, lakini inapunguza makali, na ni rahisi kuliko kulea paka wa jicho moja.